Pipa tupu ndilo la kuogopa: mvuke wa mafuta na hewa ya Nyanda za Juu

Gereji nyingi kati ya Makambako na Tunduma zina mapipa ya lita 200 yaliyoegeshwa ukutani yakisubiri kukatwa. Moja litakuwa jiko la mama lishe, jingine tanuru la mikate, jingine birika la kunyweshea ng'ombe. Ukimuuliza fundi kama pipa ni salama, atalipiga teke. Likilia tupu anachukua grinda. Kipimo hicho kiko kinyume kabisa. Pipa lililojaa petroli hadi mdomoni lina hatari zake za moto, lakini ndani yake hamna nafasi ya hewa, na pasipo hewa hakuna mlipuko wa ndani. Lililomwagwa jana lina mvuke, lina hewa, na vyote viwili vimeshachanganyika.

Petroli kama kimiminika haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake ukikutana na hewa, tena si kwa kila kipimo. Mvuke ukiwa chini ya asilimia 1.4 ya mchanganyiko wote, moto hauwezi kusafiri. Ukizidi asilimia 7.6, hewa haitoshi. Hatari iko katikati. Kila kitu kina mipaka yake: propani ni 2.1 hadi 9.5, butani ni 1.8 hadi 8.4, methani ni 5 hadi 15, spiriti ni 3.3 hadi 19, toluini ambayo ni sehemu kubwa ya thina nyingi ni 1.1 hadi 7.1. Haidrojeni inayotoka kwenye betri zikichajiwa huanzia 4 na kufika 75, na asetilini ya kuchomelea huanzia 2.5 na kuendelea juu karibu mpaka mwisho. (Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, haumo kwenye orodha hii. Kunywa kwa amani, hautalipuka.)

Sasa tupige hesabu ya pipa. Ili lita 200 za nafasi zifike asilimia 1.4 zinahitajika lita 2.8 za mvuke. Kwa presha ya hewa ya Mbeya, mvuke huo unatokana na petroli kama mililita 12 tu, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chakula. Ili kufika mpaka wa juu, 7.6, zinahitajika mililita 65 hivi, theluthi ya glasi. Kwa hiyo petroli yoyote kati ya kijiko na theluthi ya glasi, ikishageuka mvuke wote, inalifanya pipa kuwa bomu. Na kiasi hicho ndicho hasa kinachobaki baada ya kumwaga. Angalia chini ya pipa pale bamba la duara linapokutana na ubavu: pamekunjwa mara kadhaa ili kuziba, na ndani ya mkunjo huo mafuta hujificha hata pipa likiinamishwa kutwa nzima. Pia hukaa chini ya magamba ya kutu. Unaweza kufuta ndani kwa kitambaa mpaka pang'ae, mkunjo ukaendelea kutoa mvuke taratibu.

Mchanganyiko mzuri wa petroli na hewa ukiwaka ndani ya chombo kilichofungwa hupandisha presha mara saba au nane. Pipa halisubiri ifike huko. Mfuniko wa pipa una kipenyo cha sentimita 57 hivi. Presha ya ndani ikizidi ya nje kwa baa 3 tu, mfuniko unasukumwa kwa nguvu ya karibu tani 7.8, na mara nyingi ndio unaong'oka kwanza. Fundi anayekata huwa ameinama juu yake. Kufungua kizibo kimoja hakusaidii kitu, maana tundu la inchi 2 haliwezi kupitisha gesi kwa kasi ya moto ule.

Halafu kuna jambo la mwinuko, ambalo huku kwetu halisemwi sana. Namba zilizoandikwa kwenye karatasi za mafuta zimesahihishwa kwa presha ya usawa wa bahari, kilopaskali 101.3. Mbeya mjini, kama mita 1,700 juu ya bahari, presha ni karibu 82.5, Njombe ni kama 80. Mipaka ya asilimia niliyotaja haisogei sana kwa tofauti hiyo. Kinachosogea ni urahisi wa mafuta kutoa mvuke wa kutosha. Kanuni ya maabara inasema kwa kila kilopaskali inayopungua, joto ambalo mafuta huanza kushika moto yakipata cheche hushuka robo ya nyuzi. Kwa Mbeya hiyo ni karibu nyuzi 5. Mafuta ya taa yaliyopimwa kuwa nyuzi 40 yanakuwa 35, na stoo iliyoezekwa bati bila dari, saa nane mchana wa Oktoba, inaweza kufika huko. Spiriti ya kusafishia yenye nguvu ya asilimia 70, ambayo kwa karatasi huanza kwenye nyuzi 17 hivi, huku inaanzia kwenye 12.

Wapo wanaodhani baridi yetu ni kinga. Kwa petroli si kinga hata kidogo: hushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo sakitu ya Kitulo haiisumbui. Baridi husaidia kwa dizeli, na msaada huo ndio unaowadanganya mafundi.

Tuseme tangi la dizeli la lori limepasuka chini, na limeletwa kuchomelewa Uyole asubuhi, nyuzi 15. Kwa joto hilo mvuke wa dizeli haufiki hata robo ya kiwango cha chini cha kulipuka. Ukiingiza mita ya gesi, kifaa cha kupimia mvuke wa kulipuka, inasoma 0, na inasema kweli. Kisha fundi anaanza kuchomelea. Bamba linapata moto wa mamia ya nyuzi, utando wa dizeli ulioganda upande wa ndani unachemka, mvuke unajaa tangi, na chuma chekundu kiko palepale kuuwasha. Dizeli haihitaji hata cheche. Ikigusa chuma cha nyuzi 250 hivi inaweza kujiwasha. Kwa hiyo kwa dizeli, oili chafu, lami na hata mafuta ya kula yaliyokauka, mita kusoma 0 kabla ya kazi si ruhusa ya kuanza. Ruhusa ni bamba lililosafishwa mpaka chuma kionekane, au tangi lililojazwa maji.

Na hapo tunasema dizeli safi. Iliyochakachuliwa kwa petroli, hata asilimia chache tu, hupoteza kinga yake yote na kuanza kutoa mvuke wa kuwaka kwa joto la kawaida la chumba.

Kuhusu kusafisha pipa au tangi kabla ya moto, ushauri wangu wa kwanza ni kuacha. Pipa lililobeba molasi au juisi linagharimu pesa zaidi kidogo lakini halina mchezo huo. Lililobeba dawa ya shamba au kemikali isiyojulikana lisiguswe kabisa, liwe la bei gani. Lakini kama kazi lazima ifanyike, kuna utaratibu.

Anzia nje, mahali pa wazi, mbali na jiko, sigara, jenereta na grinda ya jirani, angalau mita 15. Angalia mteremko. Mvuke wa petroli ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa, na gereji nyingi za Mbeya ziko kwenye miteremko. Mvuke hushuka kimyakimya kufuata mtaro mpaka kwenye jiko la mtu aliye chini, kisha moto unarudi kwa njia ileile. Toa vizibo vyote viwili, cha inchi 2 na kile kidogo cha robo tatu, kwa spana ya shaba ukiwa nayo. Inamisha pipa, kizibo kidogo kiwe chini kabisa, liache limwagike.

Kisha jaza maji mpaka yafurike. Watu huruka hatua hii kwa sababu maji hayaondoi mafuta, na ni kweli hayaondoi. Kazi yake ni kusukuma mvuke wote utoke na kuyaelesha mafuta yaliyobaki mpaka yamwagike juu. Mwaga mahali ambapo hayataingia kwenye mfereji au kisima, rudia tena. Usipulize kwa kompresa badala yake. Pipa lenye mvuke mzito uliozidi mpaka wa juu, ukilipulizia hewa, lazima lipite katikati ya eneo la kulipuka kabla halijawa safi, na upepo wa kompresa unatengeneza umeme tuli wakati huohuo.

Baada ya hapo ndipo maji ya moto na sabuni. Nusu kilo ya sabuni ya unga kwa lita 40 za maji yanayokaribia kuchemka inafaa kwa petroli. Kwa oili na dizeli iliyoganda magadi makali ya kiwandani (kostiki soda) hufanya kazi vizuri zaidi. Magadi yatiwe ndani ya maji kidogo kidogo; maji yasimwagwe juu ya magadi, yatarukia usoni. Vaa glavu na miwani. Na kama tangi ni la aluminiamu, kama yalivyo ya malori mengi ya siku hizi, usitumie magadi hayo: hula aluminiamu na kutoa haidrojeni, kwa hiyo utakuwa umeondoa gesi moja na kuleta nyingine kali zaidi. Viringisha pipa, ligeuze kichwa chini, ligeuze tena. Mkunjo wa chini unahitaji kuloweshwa, si kupitishwa maji tu.

Mvuke wa maji kutoka boila ndogo ni bora kuliko yote kwa mkunjo ule. Upitishe angalau nusu saa baada ya pipa lote kuwa la moto kiasi cha kutoshikika kwa mkono, na maji yanayotiririka chini yawe hayana rangi wala harufu. Maji huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa hiyo ongeza muda. Bomba la mvuke lifungwe waya wa ethi pamoja na pipa, kwa kuwa mvuke unaotoka kwa kasi nao huzaa umeme tuli.

Wakati wa kuchomelea, jaza maji mpaka sentimita chache chini ya sehemu yenyewe, na ugeuze pipa ili nafasi iliyobaki juu iwe na tundu la wazi. Ukiziba nafasi hiyo, hewa na mvuke wa maji vitapanuka na kukupasukia bila hata petroli kuhusika. Mahali ambapo maji hayawezekani, hutumika nitrojeni au kabonidayoksaidi kutoka mtungi mpaka oksijeni ndani ishuke chini ya asilimia 8, na hiyo hupimwa, haikisiwi. Kuelekeza ekzosi ya gari ndani ya tangi ni mazoea yanayopaswa kufa. Moshi ule ni wa moto, una kabonimonoksaidi, na injini isiyochoma sawasawa huuacha na oksijeni ya kutosha kulipua.

Tukirudi kwenye mita, inapunguza kubahatisha lakini ina tabia zake. Namba inayoonekana chini ya maandishi LEL si asilimia ya mvuke. Ni asilimia ya kiwango cha chini cha kulipuka. Ikisoma 10 kwa petroli, mvuke ni asilimia 0.14 tu ya hewa. Kengele nyingi hulia hapo, na kwa kawaida hakuna anayeingia ndani ya tangi namba ikizidi 10. Lakini 10 hiyo ni sehemu 1,400 kwa milioni, wakati kikomo kinachotumika sana kwa kuvuta hewa ya petroli kwa siku ya kazi ni 300. Mtu anaweza kuwa salama kwa mlipuko na bado akalewa na kuanguka ndani.

Mita za bei nafuu huchoma gesi kidogo juu ya kishanga chenye joto, na zinahitaji oksijeni kufanya hivyo. Iingize kwenye pipa lenye mvuke mzito uone: namba inaruka hadi 100, inasimama, halafu inaanza kushuka, pengine karibu na sifuri. Aliyechelewa kutazama atasema hakuna gesi. Ukiona imeruka kisha imeshuka, chukulia kwamba mvuke umezidi mpaka wa juu. Ndiyo maana oksijeni hupimwa kwanza, iwe kati ya 19.5 na 23.5, ndipo gesi ya kulipuka, ndipo sumu. Pima juu, katikati na chini, na chini zaidi kuliko kwingine. Mpira wa kunyonyea wa mita 3 upe sekunde 30 kila sehemu. Dawa ya silikoni ya kung'arishia dashibodi huua kishanga kile bila dalili yoyote, kwa hiyo jaribu mita kwa gesi ya majaribio kabla ya kazi. Mita iliyokalibriwa kwa methani husoma mvuke wa petroli pungufu, mara nyingi karibu nusu. Na sensa ya oksijeni ya aina inayofuata presha, iliyosetiwa Dar es Salaam, ikifika Mbeya itasoma 17 badala ya 20.9 kwenye hewa safi kabisa ya mlima Loleza. Isetiwe upya huku.

Kwenye shimo la gereji, ambako mvuke mzito hutuama, usiende na taa ya balbu yenye waya wa umeme. Inatosha.

Mafundi rangi na maseremala wa Mafinga wana tatizo lao. Lita moja ya thina, ikikauka yote ndani ya chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha 2.5, inatoa mvuke wa kutosha kukifikisha chumba kizima kwenye kiwango cha chini cha kulipuka. Ili ubaki kwenye sehemu moja ya kumi ya kiwango hicho, kila lita inayokauka inahitaji kama mita za ujazo 250 za hewa mpya. Dirisha moja lililofunguliwa nusu kwa sababu ya baridi halitoi hiyo. Fungua mlango na dirisha vinavyokabiliana, na feni iwe inasukuma hewa safi ndani ikiwa imewekwa nje ya chumba. Ukiiweka ivute mvuke kupitia mota yake, umeweka cheche katikati ya njia.

Gesi ya kupikia ndiyo inayogusa nyumba nyingi, na Juni hadi Agosti watu hufunga kila tundu. Kilo moja ya gesi huku kwetu hupanuka kuwa lita 560 hivi. Chumba kile kile cha mita 3 kwa 3 hufika kiwango cha chini kwa robo tatu ya kilo, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 unatosha vyumba vinane. Tena haihitaji kujaa. Gesi hii ni nzito mara moja na nusu hadi mbili kuliko hewa, hutandaa sakafuni. Tabaka la sentimita 30 tu linahitaji gramu 90. Friji, soketi ya chini na jiko la mkaa vyote viko ndani ya sentimita hizo 30. Ukuta wa matofali ya kuchoma usio na nondo huanza kubomoka kwa presha ya kilopaskali 7 hivi, na mlipuko unafika hapo ukiwa bado mchanga.

Harufu ya gesi imewekwa ili isikike ikifika sehemu moja ya tano ya kiwango cha chini. Kwa hiyo ukiisikia una nafasi, ila pua huzoea baada ya dakika chache, na aliyelala mle haisikii. Usiwashe wala usizime swichi yoyote. Funga valvu ya mtungi, fungua mlango kabla ya dirisha kwa kuwa gesi iko chini, isukume nje kwa ufagio au kipande cha boksi, toa watu, na simu ya zimamoto, 114, ipigwe ukiwa nje. Uvujaji utafutwe kwa povu la sabuni kwenye valvu, regulata na ncha zote mbili za mpira, mtungi ukiwa umefunguliwa na jiko limezimwa. Povu likikua, pameachia. Mara nyingi ni kile kipete cha mpira ndani ya valvu kilichokauka, au mpira uliopita tarehe iliyochapwa ubavuni mwake.

Kuna jambo jingine la msimu wa baridi. Gesi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani, na butani huacha kuchemka joto likishuka karibu na sifuri. Asubuhi ya Makete au Njombe moto unakuwa mdogo ingawa mtungi bado mzito, basi mtu anausogeza karibu na jiko la mkaa au kuumwagia maji yanayochemka. Presha ndani hupanda haraka kuliko mkono unavyotambua, valvu ya usalama inafunguka, na inafunguka pembeni ya makaa. Mtungi usubiri jua, au uwekwe kwenye beseni la maji vuguvugu ambayo mkono unayavumilia bila shida, nje ya nyumba.